JOTO LA LAMI NA TAA YA MPAKANI

Mazungumzo baada ya habari



Askari aliyepata kushika zamu ya mchana katika kizuizi cha barabara itokayo Kikorongo kwenda Bwera na Mpondwe anafahamu jambo moja ambalo hahitaji kufundishwa darasani. Ifikapo saa saba, jua la ikweta likiwa limesimama utosini, lami huwa haikanyagiki. Joto hupenya soli ya buti. Hewa iliyo juu ya barabara huonekana ikitetemeka kama mvuke wa sufuria, na dereva wa lori aliyeteremka kuonyesha hati zake hutafuta kivuli cha gari lake mwenyewe. Katika tambarare za Nyakiyumbu na jirani zake, chini ya milima ya Rwenzori, jua halina uhaba.

Lakini ifikapo saa tatu usiku, sehemu nyingi za barabara ile ile ni giza tupu. Askari yule yule, au mwenzake aliyempokea zamu, humulika hati kwa tochi ya mkononi, na kimoyomoyo hupiga hesabu betri ya redio ya mawasiliano itadumu hadi saa ngapi. Hapo ndipo swali linapozaliwa, nalo ni swali la haki: je, joto lote lililopotea mchana halikuweza kuvunwa, likageuzwa umeme, na umeme huo ukawasha taa ya usiku?

Swali hilo si la mzaha, wala si la watu wasio na kazi. Wataalamu wa nchi mbalimbali wamelishughulikia kwa miaka mingi, na fedha nyingi zimetumika. Kwa kuwa habari za uvumbuzi huo huwafikia wananchi vipande vipande, mara nyingi zikiwa zimetiwa chumvi, inafaa jambo lenyewe lielezwe tangu mwanzo wake, ili kila mmoja apime mwenyewe lipi ni la kweli, lipi ni la kungojewa, na lipi ni la kuachwa.

Kwanza, wingi wa joto lenyewe. Jua la adhuhuri katika nchi za ikweta, mbingu ikiwa safi, humimina juu ya kila mita ya mraba nguvu ya takriban wati 1,000. Lami ni nyeusi, na cheusi humeza mwanga. Sehemu ndogo tu hurudishwa juu, na iliyobaki hugeuka kuwa joto. Ndiyo maana uso wa lami huweza kufikia nyuzi 60 za sentigredi na hata kuzidi, ilhali hewa ya kivulini ina nyuzi 30 tu. Chukua sasa kilometa moja ya barabara yenye upana wa mita 6. Hiyo ni mita za mraba 6,000, na nguvu ya jua inayoiangukia adhuhuri ni kilowati 6,000, yaani megawati 6. Mtambo wa kwanza wa umeme wa mto Mubuku, uliojengwa kwa ajili ya mgodi wa shaba wa Kilembe, una uwezo wa megawati 5. Kwa maneno mengine, kilometa moja tu ya lami hupokea adhuhuri nguvu iliyo kubwa kuliko ile iliyokuwa ikiendesha mgodi mzima. Mwenye kuisikia hesabu hiyo kwa mara ya kwanza hana budi kushtuka.

Pili, njia za kulivuna. Zipo mbili zinazojulikana zaidi. Ya kwanza ni kulaza mabomba membamba chini ya tabaka la juu la lami na kupitisha maji ndani yake. Maji huingia baridi na kutoka yakiwa na joto, na joto hilo hupelekwa panapohitajika. Ya pili haina maji wala kitu kinachozunguka. Mwaka 1821 Thomas Johann Seebeck alionyesha kwamba metali mbili za namna tofauti zikiunganishwa, kiungo kimoja kikawa cha moto na kingine kikawa baridi, hutokea nguvu ambayo baadaye ilifahamika kuwa ni ya mkondo wa umeme. Vyombo viwili vya anga vya Marekani viitwavyo Voyager, vilivyorushwa mwaka 1977, vimepata umeme wake kwa kanuni hiyo kwa zaidi ya miaka 40, huku joto likitoka katika madini ya plutoniamu na ubaridi ukitoka katika anga tupu. Basi wataalamu wakasema: ikiwa uso wa lami ni wa moto na udongo ulio chini yake una ubaridi kiasi, kwa nini visitegwe vipande vya namna hiyo kati ya hivyo viwili?

Kanuni ni sahihi, na wala hakuna ulaghai ndani yake. Lakini kati ya kanuni na taa yenye kuwaka kuna safari ndefu, na katika safari hiyo ipo sheria moja ya maumbile ambayo hakuna fundi awezaye kuihonga.

Sheria hiyo ilifafanuliwa na Mfaransa Sadi Carnot mwaka 1824. Watu wa Kasese wanaweza kuielewa kwa urahisi kuliko watu wengi duniani, kwa sababu milima yao huwaonyesha mfano wake kila siku. Maji ya mto Mubuku yana nguvu si kwa kuwa ni mengi, bali kwa kuwa huporomoka kutoka juu. Maji yale yale yakifika tambarare na kutulia ziwani, ingawa ni mengi mara elfu, hayawezi kuzungusha hata gurudumu la mtoto. Kinachofanya kazi ni mporomoko. Joto nalo ni vivyo hivyo. Joto halifanyi kazi kwa wingi wake tu. Hufanya kazi linaposhuka kutoka mahali pa moto mkali kwenda mahali pa baridi, na kadiri ngazi ya mshuko inavyokuwa fupi, ndivyo kazi inavyopungua.

Joto la lami lina wingi wa ziwa, lakini mporomoko wake ni wa kijito. Tuseme uso una nyuzi 60 na mahali pa kupoza pana nyuzi 25. Kwa sheria ya Carnot, hata mtambo usio na dosari yoyote, mtambo ambao haujawahi kutengenezwa na binadamu, hauwezi kugeuza kuwa umeme zaidi ya takriban sehemu 10 kwa 100 ya joto linalopita ndani yake. Mitambo halisi hupata nusu ya kiwango hicho au chini zaidi, na vile vipande vya Seebeck hupata chini ya hapo. Isitoshe, joto lenyewe halikubali kuvunwa lote. Upepo huchukua fungu lake, anga huchukua fungu lake, udongo huchukua fungu lake. Na mara tu maji ya mabomba yanapoanza kulichota, lami hupoa na mshuko hupungua zaidi.

Irudiwe sasa hesabu ya kilometa moja. Kati ya kilowati 6,000, ikiwa mabomba yatachota robo, basi ni joto la kilowati 1,500. Maji yakitoka na nyuzi 50, na mtambo mdogo ukageuza sehemu 3 kwa 100, umeme utakaopatikana ni kilowati 45, tena wakati wa adhuhuri peke yake, na kabla ya kutoa ule utakaoliwa na pampu za kusukuma maji. Kilowati 45 hizo, jua likiwa lile lile, hutolewa na mabamba ya kawaida ya umeme wa jua yenye eneo la mita za mraba 250 hivi. Eneo hilo ni mapaa ya nyumba chache za kambi. Kwa hiyo mapaa machache, ambayo hayakanyagwi na lori wala hayahitaji kuchimbwa, hufanya kazi ya kilometa nzima ya barabara iliyofumuliwa na kuzikwa mabomba. Hayo ni makadirio, na fundi mwingine anaweza kuyasogeza juu au chini kidogo. Hata hivyo hakuna msogezo utakaobadili hukumu yake.

Mwenye shaka na atazame yaliyotokea kwingine. Huko Uswisi, mwaka 1994, ulianzishwa mpango uitwao Serso katika daraja moja la barabara kuu mahali paitwapo Därligen. Mabomba yalizikwa ndani ya daraja. Joto la kiangazi huchotwa na kuhifadhiwa ndani ya mwamba ulio kando, na wakati wa baridi hurudishwa darajani ili barafu isigande na kuangusha magari. Mpango huo ulifaulu. Ulifaulu kwa nini? Kwa sababu haukujaribu kuligeuza joto kuwa umeme. Ulilichukua joto likiwa joto na kulitumia likiwa joto, na hapo sheria ya Carnot haidai ushuru mkubwa.

Huko Ufaransa mambo yalikuwa mengine. Mnamo Desemba 2016, karibu na mji wa Tourouvre-au-Perche, ilifunguliwa kwa shangwe kilometa moja ya barabara iliyotandikwa mabamba ya umeme wa jua, magari yakipita juu yake. Gharama yake ilikuwa euro milioni 5. Haukupita muda mrefu mabamba yakaanza kung'oka na kupasuka kwa uzito wa magari. Majani na vumbi vikayafunika. Umeme uliopatikana ukawa chini sana ya makadirio. Ilipofika mwaka 2019 ilikwisha kuwa dhahiri kwamba jaribio halikufaulu. Nchi tajiri kama Ufaransa huweza kupoteza kiasi hicho na kukiita ada ya mafunzo. Wilaya ya mpakani haina ada ya namna hiyo ya kulipa.

Isifikiriwe, hata hivyo, kwamba joto dogo halina faida popote. Bara la Afrika lina ushahidi wake, na ushahidi huo hauko mbali. Mwaka 1952, huko Kiabukwa katika jimbo la Katanga, Kongo, ulijengwa mtambo mdogo wa umeme uliotumia chemchemi ya maji yenye nyuzi takriban 91, na ukatoa kama kilowati 200 kwa ajili ya mgodi uliokuwa jirani. Mtambo huo haufanyi kazi tena, lakini ulithibitisha kwamba joto lisilofikia hata la kuchemsha maji laweza kufanya kazi, mradi tu lipo mchana na usiku bila kukoma. Nchini Kenya, huko Olkaria karibu na Naivasha, mtambo wa kwanza wa megawati 15 ulianza kazi mwaka 1981 kwa mvuke unaotoka ardhini ukiwa na joto kali. Leo mitambo ya nchi hiyo inayotumia joto la ardhini ina uwezo wa zaidi ya megawati 800. Na katika wilaya ya Kasese yenyewe, kwenye mashimo ya volkeno ya zamani kati ya Katwe na Kikorongo, ziko chemchemi za maji moto ambazo wataalamu wamezichunguza tangu miaka ya 1990. Uganda haijaanza kuuza umeme wa joto la ardhini, lakini ikiwa kuna joto la Kasese linalostahili kufuatwa kwa darubini na mashine za kuchoronga, basi ni lile lililo chini ya Katwe, ambalo haliondoki jua linapozama, kabla ya hili la lami ambalo huondoka kila magharibi.

Wilaya hiyo haikosi mafunzo ya kugeuza taka kuwa mali. Mgodi wa Kilembe ulipofungwa, uliacha karibu na mji wa Kasese lundo la mabaki ambalo kwa miaka mingi lilihesabiwa kuwa balaa kwa mito na mimea. Mwishoni mwa miaka ya 1990 kampuni ya Kasese Cobalt ilianza kutoa madini ya kobalti katika lundo hilo hilo kwa msaada wa bakteria, na mtambo mwingine wa mto Mubuku, wa megawati 10, ulijengwa kwa ajili ya kazi hiyo. Huko Katwe, wachimba chumvi wamelitumia joto la jua tangu enzi za mababu: maji ya ziwa huachwa katika vidimbwi, jua likayakausha, chumvi ikabaki. Hakuna aliyewaeleza habari za Carnot, na bado wamemtii kikamilifu, kwa kuwa wamelitumia joto likiwa joto. Na tanuri la saruji, kama lile la Hima, hutoa hewa chafu yenye joto la nyuzi mia kadhaa. Katika nchi nyingi za Asia hewa ya namna hiyo hutumika kuzalisha sehemu ya umeme unaohitajiwa na kiwanda chenyewe. Hilo ndilo joto linalostahili kuitwa joto linalopotea.

Hata lami yenyewe inavunwa tayari, ingawa si kwa umeme. Wakulima wengi, wakati wa mavuno, huanika muhogo, mahindi au kahawa pembezoni mwa barabara, kwa kuwa wanajua kwamba lami hukausha upesi kuliko udongo. Askari wa usalama barabarani huwafukuza, nao hurudi kesho yake. Askari ana haki, kwa maana mtoto anayegeuza mahindi huku lori likija ni mtoto aliye hatarini, na chakula kilichoanikwa juu ya masizi na mafuta ya magari si chakula safi. Lakini mkulima naye hana ukaidi wa bure; anatafuta joto. Akipata kichanja cha kuanikia, kilichoinuliwa juu ya ardhi na kufunikwa karatasi ya nailoni ipitishayo mwanga, hana haja tena na barabara. Amri ya kuondoka barabarani hutiiwa vizuri zaidi inapofuatana na mahali pa kwenda.

Baada ya kuyapima hayo yote, ni vema mazungumzo yarudi kwa askari wa zamu ya usiku, kwa sababu yeye ndiye mwenye dhamana, na jambo hili kwake si la udadisi.

Mpaka wa Bwera na Mpondwe una historia inayojulikana na kila aliyevaa sare. Mnamo Novemba 13, 1996, waasi wa ADF walivuka kutoka Kongo wakashambulia eneo hilo, na vita vilivyofuata katika milima ya Rwenzori vilichukua miaka. Usiku wa Juni 16, 2023, wauaji waliingia katika Shule ya Sekondari ya Lhubiriha, mjini Mpondwe, na watu zaidi ya 40, wengi wao wanafunzi, wakauawa. Hakuna awezaye kusema kwamba taa ingalizuia msiba huo. Taa haizuii risasi, wala haichukui nafasi ya doria, habari za siri na ushirikiano wa wananchi. Lakini kila kamanda anajua kwamba redio yenye betri iliyojaa, lango lenye mwanga, na zahanati yenye umeme wa kumhudumia majeruhi saa nane za usiku, ni silaha zisizotoa mlio. Mahali pa namna hiyo umeme si anasa. Kwa hiyo atakayeahidi umeme usiokuwapo hapotezi fedha peke yake. Anapoteza pia usiku ambao ulinzi ungeweza kuimarishwa kwa njia nyingine.

Waswahili husema, usiache mbachao kwa msala upitao. Mbachao wa Kasese unajulikana. Kwanza ni mito. Mbali na mitambo miwili iliyokwisha kutajwa, mwaka 2009 ulianza kazi mtambo wa Bugoye wa megawati 13, na mwaka 2018 ule wa Nyamwamba wa megawati 9.2. Mito hiyo ina ghadhabu yake. Mafuriko ya Nyamwamba ya Mei 2013 na ya Mei 2020 yaliharibu nyumba, barabara na hospitali ya Kilembe. Anayekata miti ovyo mlimani na kulima hadi ukingoni mwa mto anaukata umeme wa wilaya kwa panga, ingawa hajagusa waya. Pili ni mabamba ya jua juu ya mapaa. Mwaka 2012 wilaya ya Kasese, pamoja na shirika la WWF, ilijiwekea lengo kwamba ifikapo mwaka 2020 kila nyumba iwe na nishati isiyokwisha, kama ya jua na ya maji. Mwaka huo ulipofika bado kulikuwa na nyumba nyingi bila taa ya umeme. Lakini waliofikiwa walifikiwa kwa vitu vilivyopimwa na kuthibitishwa, wala si kwa miujiza.

Kituo cha polisi au kambi ndogo iliyo mbali na nguzo za umeme huweza kuwasha taa na kuchaji redio kwa mabamba machache na betri nzuri. Ugumu wake hauko katika kununua, uko katika kutunza. Bamba lililofunikwa vumbi la kiangazi hupoteza sehemu ya nguvu zake, na dawa yake ni maji na kitambaa. Betri inayoachwa kuisha kabisa kila usiku, kwa kuwa kila mtu amechomeka simu yake, hufa kabla ya umri wake. Waya uliounganishwa kienyeji huleta moto. Kituo chenye askari mmoja aliyekabidhiwa kazi hiyo kwa jina, mwenye daftari la kuandika hali ya betri kila asubuhi, hukaa na mwanga kwa miaka. Kituo ambamo kazi ni ya wote, si ya mtu yeyote, hurudi kwenye tochi upesi. Nidhamu inayosafisha bunduki inaweza pia kusafisha bamba.

Liko pia jukumu la kulinda kilichokwisha kujengwa. Wizi wa mafuta ya transfoma, wa nyaya na wa vyuma vya minara ya umeme umeigharimu Uganda fedha nyingi, hata mwaka 2022 sheria ya umeme ikarekebishwa na adhabu zikaongezwa. Kuongeza adhabu ni kazi ya Bunge. Kumkamata mwizi na mnunuzi wa vyuma chakavu aliyemtuma ni kazi ya polisi. Transfoma moja iliyookolewa Bwera inawapa watu umeme mwingi kuliko kilometa nyingi za lami ya majaribio.

Na kuhusu lami, lipo jambo moja ambalo joto lake linadai sasa hivi, bila kungoja uvumbuzi wowote. Lami ya kawaida huanza kulainika inapofikia nyuzi 50 hivi. Lori lililozidisha uzito likipanda polepole saa saba mchana hulibonyeza tabaka hilo kama kidole katika nta, na mifereji inayobaki hushika maji mvua inaponyesha, na mashimo huzaliwa hapo. Majaribio makubwa yaliyofanywa Marekani mwishoni mwa miaka ya 1950 yalionyesha kwamba ekseli ikibeba uzito maradufu, madhara kwa barabara hayawi maradufu. Huwa takriban mara 16. Ndiyo sababu nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zimekubaliana juu ya kikomo cha tani 56 kwa gari kubwa kabisa, na kikomo cha uzito kwa kila ekseli. Afisa wa mizani anayekubali bahasha hajamsamehe dereva mmoja. Amewauzia wananchi wote mashimo.

Jambo hilo lina uzito wa pekee mpakani. Juni 2021, Marais Museveni na Tshisekedi walizindua huko Mpondwe mpango wa kujenga kilometa 223 za barabara ndani ya Kongo, zikiwamo kama 80 za kutoka mpakani Kasindi hadi Beni. Kadiri barabara hizo zinavyofunguka, ndivyo malori yanavyoongezeka katika lami ya Bwera. Barabara nzuri huupeleka mzigo sokoni, humpeleka mgonjwa hospitalini, na huwapeleka askari mahali panapohitaji msaada kabla adui hajatoweka. Hiyo ndiyo nguvu kubwa iliyomo ndani ya barabara, na haihitaji waya.

Hakuna sababu ya kuidharau sayansi ya joto la lami. Vipande vya Seebeck vinaweza kufaa kuendesha vyombo vidogo sana, kama vya kuhesabu magari au kupima hali ya barabara, mahali ambapo nguvu ya punje inatosha. Vyuo vya Afrika Mashariki vina vijana wenye akili, na maabara ni mahali pake pa halali. Jaribio na lifanywe, lipimwe, matokeo yake yaandikwe, yawe mazuri au mabaya. Lisilofaa ni jaribio kuvishwa nguo za mradi, na mradi kuvishwa nguo za wokovu, kisha mkataba ukatiwa sahihi kabla ya hesabu kupigwa. Mtu akija na mashine ya kuvuna joto la barabara, aulizwe maswali matatu ambayo hata kuruta anaweza kuyauliza: inatoa wati ngapi kwa kila mita ya mraba; inatoa kwa saa ngapi kwa siku; na fedha hizo hizo zingenunua mabamba mangapi ya kuweka juu ya paa? Mkweli atajibu bila kukasirika.

Jua litazidi kuichoma lami ya Nyakiyumbu mchana, na usiku utazidi kuja. Taa ya mlinzi wa mpakani itawashwa na maji yaliyotunzwa mlimani, na bamba lililofutwa vumbi asubuhi, na waya ambao haukuibiwa. Hayo yote yamo katika uwezo wa watu waliopo, kwa vifaa vilivyopo, kuanzia zamu ya usiku huu.

Huo ndio mwisho wa mazungumzo baada ya habari.